Lira za Italia: idadi iliyopigwa si idadi iliyobaki

Katalogi inasema lira 5 ya mwaka 1956, ile yenye picha ya pomboo, ilipigwa vipande 400,000. Inasema pia lira 2 ya 1958 ilipigwa 125,000. Ukienda kwa hesabu hiyo, utadhani ya pili ndiyo ghali. Kinyume chake ndicho kweli: lira 5 ya 1956 ikiwa safi kabisa, daraja ambalo Waitalia huliita fior di conio (FDC), inaiacha mbali ile ya 1958.

Pomboo ni sarafu ya italma, yaani alumini yenye magnesiamu kidogo. Ina uzito wa gramu 1 na kipenyo cha milimita 20.2. Metali hiyo ni laini; kugongana na funguo mfukoni kunatosha kuuchakaza mchoro. Zilikuwa chenji, na za miaka iliyotangulia zilipigwa kwa mamilioni, zikifanana nayo kwa kila kitu isipokuwa tarakimu ya mwisho. Nani angeiweka pembeni? Lira 5 haikupigwa tena hadi 1966, na kufikia hapo nyingi za 1956 zilikuwa zimeshachakaa mikononi mwa watu. Lira 2 kwa upande wake ilikuwa imebaki na thamani ndogo mno, na naona ndiyo maana nyingi zilikwepa msukosuko wa soko.

Kwa hiyo unapoona tangazo la "1956 adimu", uliza daraja kabla ya kuuliza bei. BB ni sarafu iliyotumika lakini bado inasomeka vizuri, SPL imetumika kidogo sana, FDC haijatumika. Tofauti kubwa ya bei iko kati ya SPL na FDC, na wauzaji wanalijua hilo kuliko wanunuzi.

Hapo ndipo ughushi unapoingia. Mbinu ya kawaida ni kubadilisha mwaka: ya 1955 hufungwa tumbo la chini la 5 ya mwisho ikawa 6, au ya 1966 hukwanguliwa 6 ya kwanza ikawa 5. Mizani haikusaidii, kwa sababu sarafu yenyewe ni halali na uzito wake ni sahihi. Sumaku nayo haisemi kitu, italma hainaswi. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, laza taa pembeni ili mwanga upite juu ya uso wa sarafu, kisha tazama eneo linaloizunguka tarakimu. Metali iliyokwanguliwa huacha kibonde au mikwaruzo inayoelekea upande mmoja. Linganisha umbo na urefu wa tarakimu na picha ya sarafu iliyothibitishwa. Mng'ao mkali kote pamoja na mistari myembamba kama nywele maana yake imesuguliwa, na hiyo si FDC tena hata ing'ae vipi.

Zile za 1947 uhaba wake hauhitaji maelezo marefu: lira 1, 2 na 10 zilipigwa 12,000 kila moja, na lira 5 vipande 17,000. Ni kubwa zaidi (lira 10 ina milimita 29 na gramu 3), na mwaka 1951 nafasi yao ilichukuliwa na sarafu ndogo.

Neno moja kuhusu lira 500 ya fedha yenye merikebu tatu. Ile yenye bendera zinazopepea kinyume na upepo unaojaza matanga ni ya majaribio ya 1957, vipande elfu moja na kidogo tu, na ina neno PROVA (jaribio). Za kuanzia 1958 bendera zilirekebishwa, na mwaka wake umeandikwa ukingoni. Zote ni gramu 11 za fedha ya 835, yaani sehemu 835 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Bendera kinyume bila PROVA, usitoe pesa.