Bima ninayo, na deni ninalo

Bahasha ya bili ya hospitali ilifika jana hapa Texas, Marekani: dola 1,840. Mwanangu alianguka na baiskeli mwezi Machi, akapigwa eksirei ya mkono na kufungwa hogo. Basi.

Kila wiki mbili mshahara wangu unakatwa bima. Lakini lazima kwanza nitoe dola 3,000 mfukoni kwa mwaka ndipo bima ianze kutoa chake. Kwetu unalipa dirishani, unachukua risiti, mmemalizana. Huku bima ndiyo inayopanga nidaiwe kiasi gani, halafu hospitali ndiyo inayotumwa kunidai! Dada wa malipo amenipigia mara tatu, kwa upole, utadhani deni ni lake. Kuna madaktari wanaotaka sheria za majimbo ziibane bima ilipe hospitali pesa yote, kisha imdai mteja wake yenyewe. Nawaunga mkono kwa moyo wote.

Nikapiga simu idara ya bima ya Texas kulalamika. Kaka aliyepokea akauliza, "Kadi yako ina herufi TDI au DOI?" Nikaigeuza mbele na nyuma. Hakuna. Herufi hizo huonyesha bima iko chini ya idara ya jimbo. Kumbe matibabu yetu analipia mwajiri kwa fedha zake, na ile kampuni yenye nembo kubwa kwenye kadi inashughulikia makaratasi tu. Bima za namna hiyo zilitolewa mikononi mwa majimbo na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, ERISA. Malalamiko yake yanakwenda Wizara ya Kazi ya Marekani. Miaka 9 niko hapa, hakuna aliyewahi kuniambia!

Wewe unayejiandaa kuja, ukipewa kazi "yenye bima" usishangilie bado. Uliza utatoa kiasi gani mfukoni kwanza, na kama mwajiri ndiye anayebeba gharama. Bili ikija usikimbilie kulipa, subiri barua ya bima yenye mchanganuo, uzilinganishe mstari kwa mstari. Mimi nimekuta eksirei moja imeandikwa mara mbili. Na kama hospitali si ya kibiashara, sheria inaitaka iwe na utaratibu wa kuwasaidia wenye kipato kidogo. Omba fomu mwenyewe, usingoje kupewa.

Leo asubuhi nimempigia yule dada kuhusu eksirei ya pili. Ameizuia bili siku 30 isiende kwa wakusanya madeni, kisha akauliza mtoto anaendeleaje. Tangu Machi, ni yeye wa kwanza kuuliza.