Nilivyozuia rangi za akriliki zisikauke kwenye paleti

Nilichora kwa rangi za akriliki miaka minne jijini Dar es Salaam bila kuhangaika sana, lakini kiangazi cha kwanza nilichokaa Dodoma kilinitesa. Hewa ni kavu na upepo hautulii, na kwa kuwa nachora karibu na dirisha, rangi niliyoiminya kwenye paleti, yaani sahani ya kuchanganyia rangi, ilikuwa ikifanya utando kabla sijamaliza jicho moja.

Mimi huchora sura za watu, na rangi ya ngozi huchukua muda mrefu kuichanganya. Ikikauka haiyeyuki tena kwa maji, kwa sababu maji yakishatoka, chembe za plastiki zilizomo hushikana zikawa utando wa kudumu. Kuitengeneza upya ilingane na ile iliyokwisha kupakwa ni kazi ngumu zaidi: gundi iliyomo kwenye rangi ya akriliki ikiwa mbichi ina weupe kama wa maziwa, na weupe huo ukitoweka rangi hukoza, hivyo mbichi na kavu hazilinganishiki kwa macho.

Nilianza kwa kunyunyizia maji. Juu rangi ilikuwa nyepesi mno, pembeni ikaendelea kukauka, na vipande vya utando vikahamia kwenye picha. Nilijaribu pia dawa ya kuchelewesha ukaukaji, ambayo kwa kiasi kidogo inafaa kweli. Siku nilipoizidisha, picha ilinata hadi kesho yake na vumbi likaganda kwenye shavu la bibi niliyekuwa namchora.

Nilipata nafuu nilipoanza kuipa rangi maji kutoka chini. Nilichukua kontena pana la chakula lenye mfuniko unaobana, nikatandika sponji nyembamba iliyolowa, na juu yake karatasi ya kuokea, ambayo hupitisha unyevu polepole bila kuiacha rangi izame. Karatasi ndiyo iliyonisumbua kuliko vyote. Ya kwanza ilikuwa na nta, haikupitisha maji hata kidogo, na rangi ikakauka juu ya sponji iliyojaa maji. Sasa natumia isiyo na nta, nailoweka kwanza kwenye maji ya moto, kisha naitandaza kwa kiganja kuanzia katikati ili hewa isibaki chini yake, kwa maana palipo na kipovu rangi hukauka upesi. Kuhusu kiasi cha maji, nabonyeza sponji kwa kidole: unyevu unapaswa kujitokeza bila kutuama. Rangi ikianza kutawanyika kingo zake, napunguza maji kidogo.

Jioni nafunika kontena na kuliweka kivulini. Mchanganyiko wa ngozi nilioutengeneza Jumatatu niliutumia hadi Ijumaa, na nilipouona bado laini nilifurahi mno. Wiki ya pili, hata hivyo, kontena lilitoa harufu na madoa ya kuvu yakaonekana kwenye sponji, kwa hiyo sasa naosha sponji kwa sabuni na kubadilisha maji kila baada ya siku nne, nikitumia yaliyochemshwa na kupoa.

Rangi nzito ya kupaka kwa kisu bado naiweka kwenye kigae kikavu, kwa kuwa juu ya karatasi hulainika na alama za kisu hazisimami. Hiyo naiminya kidogo kidogo, kiasi cha kutumia papo hapo.