Mstari wa C

Mwaka 2019, katika maabara ya hospitali moja ya rufaa Dar es Salaam, alikuja mzee mmoja na vikaratasi vitatu vya majibu ya VVU, vyote hasi. Mkewe alikuwa amekutwa na virusi. Yeye ndiyo kwanza amalize dripu sita za saratani ya tezi za limfu, moja kila siku 21. "Dokta, au hizi dripu zimeharibu vipimo?"

Nilimtoboa kidole cha pete, nikafuta tone la kwanza, la pili nikalivuta kwa pipeti: mikrolita 20, kisha matone manne ya bafa, maji ya kusukuma damu kwenye kipimo. Mstari mmoja tu, kwenye C. Kwa mwongozo wa wakati ule, SD Bioline, kipimo cha kwanza, ikitoka hasi, Uni-Gold, cha kuthibitisha, haiguswi. Unaandika hasi.

Shida ni kwamba C haimjui mgonjwa. Inaonyesha tu kuwa bafa imetembea na rangi inafanya kazi. Weka bafa tupu bila damu, itatokea vilevile. Mstari wa virusi unangoja kingamwili, protini za kupambana na virusi, na hizo anatakiwa azitengeneze mgonjwa mwenyewe.

Dripu za kawaida kwa kweli hazifuti kingamwili za maambukizi ya zamani. Seli zilizokwisha kujifunza zimejificha kwenye uboho, zinaendelea kumwaga kingamwili hata chembe nyeupe zikishuka. Ila kwenye karatasi yake ya matibabu kulikuwa na rituksimabu, dawa inayosafisha seli B, chanzo cha kingamwili mpya, ambazo huchukua miezi sita hadi mwaka kurudi. Alipimwa kabla ya dripu ya kwanza akawa hasi. Basi kama virusi vilimwingia, vilimkuta katikati ya matibabu, wakati mwili hauna wa kutengeneza kingamwili mpya. Kumwambia arudi baada ya miezi mitatu, kama tulivyozoea, kusingesaidia kitu.

Daktari wa zamu akapendekeza kupima CD4, hesabu ya seli za kinga ambazo VVU huzishambulia. Nikakataa, dripu zenyewe zinaishusha, ungesoma nini hapo?

Tulitafuta kirusi chenyewe. Chupa ya kifuniko cha zambarau, mililita 4, inageuzwa polepole mara nane bila kutikiswa. Ikazungushwa kwenye mashine, nikavuta mililita moja ya plazima ya juu, mbali na utando mweupe wa chembe. GeneXpert, mashine ya PCR inayotafuta vinasaba vya kirusi, inachukua kama dakika 90. Kilichotuchelewesha ni fomu ya wingi wa virusi: inadai namba ya CTC, kliniki ya matibabu ya VVU, na mtu aliye hasi hana namba. Tuliandika kwa mkono pembeni.

Ilisoma nakala zaidi ya 100,000 kwa mililita. Kesho yake tulichukua damu mpya kabisa, kwa kuwa chupa zinaweza kubadilishana. Ikasoma vilevile, akaanza ARV wiki hiyohiyo. Kisa cha namna hii ni nadra. Kabla ya hapo sikuwa nimekutana nacho.

Miezi minane baadaye akarudi akitabasamu, na kikaratasi cha kituo kingine: hasi. "Kwa hiyo nimepona, dokta?"

"Hapana, mzee wangu. Dawa zimevibana virusi mapema, mwili haukupata cha kuufundisha kutengeneza kingamwili."

Nikaomba kadi yake ya CTC, nikaandika juu kwa kalamu nyekundu: ASIPIMWE KWA KIDOLE. Chini yake nikaweka tarehe mbili za PCR.