Kumbukumbu ya mradi: kupima mzigo wa mazoezi ya kikapu wakati wa masika

Mwishoni mwa Machi

Daftari limetulia sasa. Kila mchezaji ananipa namba moja kati ya 0 na 10: mazoezi ya leo, kwa ujumla wake, yamemkaza kiasi gani? Sifuri ni kupumzika, kumi ni mwisho wa nguvu zake. Namba hiyo naizidisha kwa dakika. Aliyefanya dakika 90 akataja 6, mzigo wake wa siku ni 540. Basi. Hesabu hii ilienezwa na Mmarekani Carl Foster, naye aliijenga juu ya kipimo cha Gunnar Borg wa Sweden. Klabu zenye fedha huwavalisha wachezaji vihisi vya kuhesabu miruko na mbio. Sisi tuna kalamu, simu yangu, na uwanja wa saruji usio na paa hapa Dar es Salaam. Sioni kama tumepungukiwa sana, maana kihisi kitasema kijana karuka mara ngapi lakini hakitasema kwamba jana kakesha.

Namba siiulizi filimbi ya mwisho inapolia. Kocha wetu anapenda kufunga mazoezi kwa mbio za mistari, na mtu akiulizwa hapohapo huku ameshika magoti, atazipima zile dakika tano za mwisho na kuisahau saa nzima iliyotangulia. Nangoja kama nusu saa, wengi wakiwa wameshapanda daladala, kisha kila mmoja ananiandikia WhatsApp, tena pembeni. Kwenye kundi hakuna dogo atakayethubutu kusema 8 wakati kaka zake wamesema 5.

Kilichojitokeza mapema ni kwamba mazoezi yetu ni kipande tu cha mzigo. Kuna mlinzi wetu mdogo ambaye anachezea pia timu ya shule, na Jumapili humkosi kwenye bonanza. Kwa namba zetu peke yake alionekana wa kawaida kabisa. Nilipoanza kuandika na vya nje, akapanda juu ya wote, akampita hata senta anayeshinda Kariakoo akibeba maroba. Nilipomuuliza akacheka: "Bonanza si mazoezi, mwalimu, tunajifurahisha tu." Anajifurahisha kwa kuruka juu ya saruji jua la saa nane! Tangu hapo safu ya "mengineyo" kwenye daftari ni ya lazima.

Aprili

Mvua. Saruji ikilowa hakuna wa kukanyaga, na hapa ndipo mradi umepata kazi ya kweli.

Mfano wa mchezaji mmoja wa kikosi cha kwanza. Kwa wiki nne mfululizo mzigo wake ulikuwa 1,800, 1,700, 600 na 400. Jua likachomoza, kocha akasema wiki hii tunakamua, tufidie yote. Mpango wake nikaupigia hesabu: karibu 2,000. Wastani wa zile wiki nne ni 1,125, kwa hiyo wiki mpya ingekuwa mara 1.78 ya alichozoea. Mwaustralia Tim Gabbett ndiye aliyeupa umaarufu uwiano huu, na kwa maelezo yake kati ya 0.8 na 1.3 ni pazuri, ukivuka 1.5 unajitafutia majeraha. Nilimwonyesha kocha mchoro wa mizigo hiyo kwenye simu: mstari unashuka chini, chini, halafu unapanda kama ukuta. Akakuna kidevu, akasema, "Haya, nipe namba yako." Tukakubaliana 1,200.

Wiki iliyofuata uwiano ukaanza vituko vyake. Ile wiki ya 1,800 ilishatoka kwenye hesabu, wastani ukashuka hadi 975. Tulikuwa tumepanga 1,600, na uwiano ukasoma 1.64, yaani hatari, ilhali kijana huyu mwezi mmoja nyuma alikuwa akimudu zaidi ya hapo bila shida. Wapo wanasayansi, Franco Impellizzeri akiwemo, wanaosema uwiano huu hautabiri jeraha na kwamba mipaka yake imeaminiwa kupita kiasi. Mimi nimebaki nao kama honi tu: ukilia natazama namba zenyewe, namuuliza mchezaji magoti yakoje, ndipo naamua. Tukaenda na 1,400.

Mechi zilinisumbua kwa namna nyingine. Dakika 40 za mechi kwa sheria ya FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, hugawanywa kwa watu wachache. Anayeanza akicheza dakika 34 na kutaja 8, ana 272. Wa benchi akiingia dakika 5 na kutaja 3, ana 15. Nikiongeza kupasha mwili bado pengo ni kubwa, na mechi zikifuatana wa benchi anapoa taratibu bila mtu kuona. Halafu mwenzake anateguka kifundo, yeye anaitwa acheze robo mbili nzima kwa mwili ambao haujakimbia. Sasa mechi ikiisha, walioingia kidogo wanabaki kucheza tatu kwa tatu mpaka walinzi wa uwanja wazime taa. Wananung'unika, lakini wanabaki.

Foster ana hesabu nyingine ya kuonyesha kama siku za wiki zinafanana mno: wastani wa siku unagawanywa kwa mchepuko wake sanifu, yaani kipimo cha jinsi siku zinavyotofautiana na wastani huo. Yetu zilifanana. Kila siku 5 au 6, hakuna siku nyepesi ya kweli wala nzito ya kweli. Kocha amekubali Jumatano iwe ya mitupo huru na mbinu tu.

Mei

Nimeanza kupima miruko: chaki kwenye vidole, ukuta, majaribio matatu, nachukua la juu. Napima Jumanne kabla ya mazoezi, mwili ukiwa umeshapashwa. Yule mlinzi mdogo bado anakwenda bonanza. Tumeafikiana aniambie Ijumaa kama atacheza, ili Jumamosi nimpunguzie mbio za mistari.