Milimita Moja ya Krenki

Kila ninapoingia Katwe, mtaa wa mafundi jijini Kampala, kutafuta vipuri vya Land Rover ya marehemu baba, hakosi mtu wa kuniuliza kwa nini nisitie injini ya Toyota, gari likaanza kutembea wiki hii hii. Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa Land Rover za zamani zilizobadilishwa injini namna hiyo zipo, na wenyewe wanakwenda shambani na kurudi bila taabu. Lakini gari letu la 1966 lina injini ile ile iliyotoka nayo kiwandani, na namba iliyogongwa kwenye bloku bado inalingana na ile iliyoandikwa katika kadi ya gari. Baba aliliendesha miaka mingi katika barabara za vumbi kati ya Masindi na Hoima, akiusikiliza mngurumo wake kama mchungaji anavyosikiliza ng'ombe wake. Nikiing'oa injini hiyo, nitabaki na bodi tu.

Ni injini ya petroli ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Ilianza kutiwa katika Land Rover mwaka 1958, na kwa marekebisho ya hapa na pale ikaendelea hadi miaka ya 1980. Kwa sababu zilitengenezwa kwa wingi na zikasambaa duniani kote, vipuri vyake vidogo vinavyochakaa upesi bado vinapatikana vikiwa vipya kutoka Uingereza: gasketi, ringi za pistoni, beringi, valvu, pampu ya maji. Ukiviagiza, utalia kwa gharama ya usafiri na ushuru, lakini vitafika. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba vipuri vya gari la zamani ni adimu anasema kweli nusu tu. Kilicho adimu ni kile chuma kikubwa ambacho vipuri hivyo vidogo hukaa juu yake, na hasa krenki.

Krenki ndiyo inayopokea mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka na kuugeuza kuwa mzunguko. Ina shingo zilizosuguliwa laini, ambazo huzunguka ndani ya beringi juu ya utando mwembamba wa mafuta. Mafuta yakichafuka au yakipungua, shingo hukwaruzika na kupoteza uduara wake. Hapo krenki hupelekwa kusagwa, yaani shingo hupunguzwa kidogo hadi zirudi kuwa laini na za mviringo, kisha hufungiwa beringi nene zaidi za kujaza nafasi iliyoondolewa. Beringi hizo hupangwa kwa hatua: za kawaida, kisha za 10, 20, 30 na 40, na kila hatua ni sehemu 10 katika 1,000 za inchi. Ukipiga hesabu kutoka ya kawaida hadi ya 40, utapata milimita moja na ushei kidogo. Umri wote wa krenki, tangu ilipotoka kiwandani hadi siku ya kustaafishwa, umo ndani ya milimita hiyo moja.

Nilichelewa kulielewa jambo hili, na kuchelewa huko kulinigharimu. Krenki ya baba ilikuwa na mikwaruzo ambayo ingeondoka kwa kusagwa hadi 20. Niliipeleka katika karakana moja, ambayo sitaitaja jina, na nilipokwenda kuichukua nikakuta imesagwa hadi 40. Sababu niliyopewa ni kwamba beringi za 40 ndizo zilizokuwapo rafuni siku hiyo. Hatua mbili nzima za maisha ya chuma kile zilikuwa zimegeuka vumbi chini ya mashine, na hakuna fundi duniani awezaye kuzirudisha zilivyokuwa.

Nikaibeba hadi kwa mzee mmoja wa Katwe ambaye wote tunamwita Hajji. Aliining'iniza kwa waya, akaigonga kwa nyundo ndogo, akainamisha kichwa.

“Umesikia, mwanangu?”

“Nimesikia imegonga tu, Hajji.”

“Ndiyo hivyo. Krenki nzima hulia kama kengele. Hii imekaa kimya.”

Akaiosha kwa mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, akainyunyizia unga wa chaki. Baada ya muda mstari mwembamba ulijichora pale shingo inapoungana na bega lake, kwa sababu mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yakijitokeza na kuulowesha unga. Pale pembeni, Hajji alinionyesha, pangetakiwa kuachwa mkunjo wa mviringo, lakini aliyesaga alipachonga pakawa kona kali, na kona kali ndiyo mahali ufa hupenda kuanzia. Sikuweza kujua kama ufa ulikuwapo kabla au ulizaliwa baadaye. Krenki ya baba ilikuwa imekwisha.

Nilipoanza kutafuta nyingine, ndipo nilipoona thamani halisi inakaa wapi. Pale Ndeeba nilionyeshwa krenki safi, inayong'aa, ya gari la baadaye, nami nikakaribia kutoa fedha. Nilipohesabu shingo kuu nikakuta tano. Injini za aina hii zilipewa beringi kuu tano mwaka 1980, ilhali bloku la baba lina nafasi za tatu tu, na haiwezekani kuiingiza moja katika bloku la nyingine. Uzuri wote ule haukunifaa kitu. Krenki nyingine tatu nilizoziona zilikuwa za beringi tatu kweli, lakini maikromita, kipimo cha unene, ilipozipima zote zilikuwa zimeshafika 30 au 40.

Nadhani historia yetu ina mkono katika hilo. Wafanyabiashara wenye asili ya Asia walipofukuzwa Uganda mwaka 1972, biashara ya vipuri iliyokuwa mikononi mwa wengi wao ilivurugika, na katika miaka ya uhaba iliyofuata mafundi wetu waliyaweka magari barabarani kwa kusaga, kuchomelea na kusubu. Ninawaheshimu sana kwa ustadi huo, kwani bila wao gari la baba lisingefika leo. Ila krenki zilizookoa safari za wakati ule zililipa kwa milimita zao, na ndiyo maana iliyobaki na unene wake wa kwanza ni mali kuliko inavyoonekana.

Mwishowe niliipata Jinja, katika uwanja wa vyuma chakavu, ndani ya injini iliyovunjika bloku na kusubiri lori la kwenda kuyeyushwa. Ilikuwa imefunikwa na masizi ya mafuta ya miaka mingi, na masizi hayo ndiyo yaliyoikinga na kutu. Mwenye uwanja alinitajia bei ya kilo, kama anavyowatajia wote. Nilifungua kofia za beringi mbele yake, nikafuta mgongo wa beringi moja, nikasoma alama ya ukubwa wa kawaida. Haikuwa imewahi kusagwa hata mara moja. Nilimlipa zaidi ya alichoomba, nikamweleza kwa nini, na nikamwachia namba yangu ili siku akiona nyingine anipigie kabla lori halijafika. Amekwisha kunipigia mara mbili, na ingawa mara zote ilikuwa ni dizeli ya lori, nilifurahi kwamba sasa anatazama kabla ya kuuza.

Tangu 2018 sheria yetu inazuia kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15, kwa hiyo si rahisi kununua gari zima nje ili kulichinja kwa vipuri. Kilichomo humu ndani ya nchi, nyuma ya nyumba za watu na katika viwanja kama ule wa Jinja, ndicho akiba yetu.

Hajji aliigonga krenki ya Jinja kabla hata sijaketi, na mlio wake ukakaa hewani kwa muda mrefu. Ameniambia niisage hadi 10 tu, kwa mashine ya mtu anayemwamini, na ameniandikia kwa chaki juu ya bega lake neno “mviringo” ili asiyekuwapo asije akakosea. Kwa sasa inaning'inia stoo kwangu, imepakwa grisi na kufungwa kwa nguo, ikisubiri beringi za 10 ambazo nimeziagiza.