Vizibo vya kusomea: mradi wangu wa barazani, Makorora

Aprili
Kadi za maboksi za kufundishia watoto kusoma nimeachana nazo. Unyevu wa Tanga umezikunja, na wadogo wanazitafuna pembe. Sasa ni vizibo vya chupa za maji: watoto wanaokota wenyewe mtaani, mimi naosha na kuandika kwa wino usiofutika.

Kanuni yangu ni sauti moja, kizibo kimoja. Ch, sh, ny, dh, th na gh kila moja ina chake. Ng' nayo ina chake, mbali na ng, ng'ombe na ngoma visije vikachanganywa. Majina ya herufi (a, be, che, de) yatasubiri. Mtoto anayetaja "be" kisha "a" anapata "bea", si "ba". Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza 2015, ule wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), nao ulianzia kwenye sauti.

Mei
Watoto wanaosoma chuoni, yaani madrasa, wametangulia. Herufi za Kiarabu dhal, tha na ghain wamezitamka tangu wadogo, kwa hiyo huwasikii wakisema "zahabu" wala "gali". Kazi iliyobaki ni kuwaonesha kwamba huku kwenye Kiswahili sauti hiyo inabeba herufi mbili.

Kinachotusumbua ni m. Kwenye mtoto imesimama silabi peke yake. Kwenye mbuzi imeng'ang'ania b. Tunapiga makofi: m-to-to, matatu, mbu-zi, mawili. Nikaongeza kizibo cha mb, halafu nikawapa neno mbuni. Ukianza na kizibo cha mb, makofi ni mawili na umepata ndege mkubwa asiyeruka. Ukianza na m peke yake, kisha b, makofi ni matatu na umepata mti wa kahawa. Mmoja ambaye kwao ni Lushoto alifurahi sana, kahawa anaijua. Mwenzake akauliza, "Sasa Mwalimu, nikilikuta kitabuni nitajuaje?"

Swali zuri kuliko somo nililoandaa. Nikaandika: mbuni amekimbia, mbuni umekauka. Wakacheka, wakajua. Hapo ngeli zikaingia bila mtu kuzitaja.

Juni
Tumeendelea na samaki, maana majina yake wanayo tele kutoka nyumbani: kibua, changu, tasi. Neno ambalo sikio linalijua ndilo jicho linalipata upesi, ndiyo maana sianzi na theluji. Nikaandika "kibua __meoza" na "kisu __mepotea", wajaze pengo. Kibua ameoza, kisu kimepotea. Hakuna aliyedanganywa na ki- ya mwanzo. Sarufi wanayo mdomoni. Jedwali la ngeli naliona halina haraka, waache kwanza wajikusanyie mifano.

Kinachofuata ni vitenzi: a-na-soma, a-li-soma, a-ta-soma. Viambishi vya wakati nataka viwe vyekundu, na vizibo vyekundu vinatoka kwenye soda tu. Mama wa duka la pembeni amekubali kuniwekea, kwa sharti mwanawe naye akae barazani.