Kamera moja, /dev/video kibao

"Kaka, kamera ni moja, mbona faili za video ni nyingi hivi?" Dogo wa karakana yetu ya Sinza alikuwa anachungulia /dev, folda ya faili za vifaa kwenye Linux, ndani ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja. Swali zuri.

Kamera ya USB ni nyepesi: akili imo ndani yake, draiva ya uvcvideo inaitambua, V4L2 (mfumo wa video wa Linux) inakupa picha iliyoiva. Kamera ya utepe, ile inayochomekwa kwenye bodi kwa waya bapa, ni habari nyingine. Sensa inamwaga data ghafi ya Bayer (kila nukta ina rangi moja tu), inapita CSI-2, njia ya kusafirisha data ya kamera, ndipo inafika ISP, kichakataji cha picha, na kila kituo kina mipangilio yake; ndiyo maana faili zinakuwa nyingi. Tangu 2011 keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inaonyesha vituo na viungo vyake kupitia sehemu yake iitwayo Media Controller. Lakini nani aamue mwangaza? Hapo ndipo libcamera, maktaba ya programu za kamera iliyotangazwa 2018, inapoingia: inakaa nje ya keneli, inasoma takwimu za ISP, inakokotoa, inarekebisha fremu zinazofuata.

Mimi naunga mkono. Hesabu za rangi ndani ya keneli? Hapana, jamani. Kero ni programu kongwe zinazofungua /dev/video0 na kusubiri miujiza. Hizo nazipitishia libcamerify, kifaa cha kuziunganisha na libcamera, na nyingi zinatulia.

Dogo nimemwambia aanze na amri ya media-ctl -p inayoorodhesha vituo na viungo hivyo, achore ramani kwenye karatasi. Kisha aielekeze kamera dirishani saa saba mchana, jua likiwaka, aone libcamera ikirekebisha mwangaza.